Bwana Kijiti Anaondoka, Pumzi Hazijatosha

Anayesema Bwana Kijiti amefukuzwa kazi na puto afunge mdomo, na kama ameshasema mbele ya wagonjwa, arudi akawaombe radhi. Nimelisikia neno hilo kwenye korido, nimelisikia kwenye foleni ya chai, nimelisikia hata kwa mtu aliyevaa koti jeupe alilopigiwa pasi na mama yake. Kwanza si puto, ni mfuko wa pumzi. Pili, mfuko huo aliuomba yeye, akaupigania yeye, na mpaka leo hapati usingizi kwa ajili yake. Mtu hafukuzwi na mgeni aliyemwalika mwenyewe.

Sasa twende kwa utaratibu, kama ofisi ya utumishi ilivyotaka. Fundi mkuu wa vipimo vya pua na koo wa hospitali yetu, ambaye wakubwa kwa wadogo humwita Bwana Kijiti, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Aliyeandika rasimu ya kwanza ya karatasi hii alisema mzee huyu ni nyota inayong'aa na nguzo imara ya taasisi. Nimeifuta yote. Nguzo haiendi popote, na huyu kaenda mbali sana na pale alipoanzia. Mimi huita majina mlangoni kwake. Nitasema nilichokiona, na asiyependa ageuze ukurasa asome habari za mashindano ya mpira.

Alianza kwa kuosha chupa. Maabara ilikuwa bado kwenye jengo la nyuma, lenye paa la kuvuja, na kila mvua ikinyesha darubini zilifunikwa kwa nailoni kama watoto wachanga. Aliosha chupa kutwa, jioni akaenda darasani. Mtihani wa kemia ulimwangusha mara ya kwanza. Nalisema hilo wazi kwa sababu mwenyewe hulisema wazi, tena kwa sauti, kila akiona mtu amekata tamaa. Akarudia, akapita, akapewa cheti na koti, kisha akapewa kazi ambayo wenzake wote walikuwa wameikwepa: kuchukua majimaji puani na kooni mwa watu wanaokohoa, ili maabara itazame ni virusi gani vimewaingia.

Kijiti chenyewe mnakijua. Chembamba, pamba laini nchani. Kinaingia puani, si pale pa kufikiwa na kidole, bali ndani kabisa, kule ambako mtu hajui kama anako mpaka siku anayopimwa. Kinazungushwa, kinatolewa, kinatumbukizwa kwenye kichupa. Kazi ni fupi kuliko chafya mbili. Lakini sijawahi kumwona mtu akitoka mle chumbani akasema asante ya moyoni. Machozi hutoka hata kwa askari. Mmoja, mwenye nyota begani, alimshika fundi mkono katikati ya kazi akamwambia, "Kaka, hicho unachokitafuta hakiko huko. Rudi." Fundi akarudi, akamsubiri afute macho, akaingia tena. Askari akapimwa. Alipotoka nje akaniambia mimi nisimwambie mtu. Nimetunza siri hiyo mpaka leo.

Jina la Bwana Kijiti alipewa na watoto. Wengine walikuwa wakimwona dukani wanaficha pua kwenye gauni la mama zao. Mjukuu wake mmoja, alipoanza kutambaa, alikuwa akikimbilia chini ya meza babu akirudi kazini, maana dada zake wakubwa walikuwa wamekwisha kumfundisha babu anafanya kazi gani. Mkewe naye alikuja hapa siku moja kumletea miwani aliyoisahau, akakaa kwenye benchi langu akanieleza taabu yake. "Shoga," akasema, "mume wangu akinitazama usoni, najua hanitazami macho. Anatazama matundu." Akaongeza kwamba harusini, badala ya kumsifu bibi harusi, mzee aliinama akamnong'oneza, "Pua ya yule imepinda kushoto, angepitishwa kulia." Nikamwambia ashukuru, wengine wakienda harusini hutazama mengine.

Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi, na wepesi ule hakuzaliwa nao. Alipoanza kazi alikuwa akiwaumiza watu kama mnavyowaumiza ninyi mafundi wapya. Akaona haya. Akanunua kioo kidogo, akakitundika nyuma ya mlango, na kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza akawa anajitia kijiti mwenyewe. Hapo ndipo alipojua kwamba wengi wanakosea njia. Wanaelekeza kijiti juu, kana kwamba wanapanda ghorofani. Pua haipandi. Pua inakwenda nyuma, imelala, sambamba na kaakaa. Ukiifuata ilivyo, mtu anashtuka tu. Ukiilazimisha juu, unagonga, mtu anaruka, damu inatoka, na kesho harudi. Maneno haya ameyasema kwa kila fundi aliyepita hapa. Waliosikia wanahesabika kwa vidole, na vidole vinabaki.

Ukaja ule msimu wa kikohozi kikubwa, foleni ikatoka mlangoni ikavuka ua ikafika getini. Ofisi ikaweka sharti moja ambalo mpaka leo lipo, nalo lina maana yake: wanaokuja kusafishwa damu kwa ugonjwa wa figo wapimwe kila wajapo, kabla ya kuingia. Wanalala wote katika chumba kimoja, mashine kwa mashine, kwa saa kadhaa. Akiingia mmoja na virusi, watatoka navyo wote, na miili yao haina nguvu ya kupigana. Sharti ni zuri. Tatizo ni kwamba wanakuja mara tatu kwa wiki, na kila wajapo, kijiti.

Kati yao yuko Mwalimu. Alifundisha shule ya msingi mpaka akazeeka, na hata leo akiingia, watu wazima hukaa wima kwenye mabenchi bila kujua kwa nini. Mwalimu anatumia dawa ya kuzuia damu isigande. Pua yake ukiigusa tu inatoka damu, na ikianza haitaki kukoma. Akawa anakuja na taulo dogo la bluu mkobani kwa kazi hiyo tu. Siku moja alikaa kwenye kiti, akalitandaza taulo mapajani, akamtazama fundi. "Mwanangu," akamwambia, "mimi nimekuja hapa kusafishwa damu. Sikuja kumwagwa damu." Bwana Kijiti alimaliza kazi, akambana pua kwa pamba mpaka ikatulia, kisha akasema, "Mwalimu, sitaondoka kazini kabla sijakuondolea kijiti hiki." Mlango ulikuwa wazi, nikasikia. Aliahidi mwenyewe, hakuna aliyemshika shati.

Baada ya hapo ndipo alipopata habari ya kupima kwa pumzi. Yupo daktari wetu wa utafiti, mwanamke mwembamba asiyekaa chini, ndiye aliyekuwa akiizungumzia kwenye mikutano. Habari yenyewe ni hii. Mwili unaopigana na virusi hubadilika ndani, na pumzi inayotoka hubadilika nayo. Pua ya binadamu haisikii tofauti, mashine inaisikia. Mtu anapuliza kwenye mfuko kupitia mrija, mfuko unafungwa, unachomekwa kwenye mashine, jibu linatoka kabla hajamaliza kufunga vifungo vya sweta. Hakuna kuchokonolewa. Bwana Kijiti alikwenda ofisini kwa daktari akakaa kwenye kiti cha wageni. Akamwambia, "Daktari, ilete hapa mashine hiyo. Mimi nitakuwa mtu wa kwanza kukosa kazi, na nitakupigia makofi." Daktari akacheka, akadhani ni maneno. Kesho yake akamkuta kwenye kiti kile kile. Na kesho kutwa. Mashine ikaletwa, kwa kuazima, kwa majaribio.

Chumba cha pumzi mnakijua, ni kile kilichokuwa cha mabeseni. Siku za kwanza kilikuwa aibu tupu. Mashine ilisema karibu kila mtu ni mgonjwa. Ilimsema dereva mzima, ikamsema mpishi, ikamsema mkuu wa maabara aliyekuja kupiga picha. Metroni akasema, "Basi tufunge hospitali, tumekwisha." Ikachukua muda kujua kosa, na lilikuwa kosa la watu wasafi. Hapa kwetu hakuna anayegusa kitu bila kupaka dawa ya mikono, ile ya spiriti. Fundi anapaka, muuguzi anapaka, mgonjwa anapakwa, kisha wote wanashika mfuko na mrija mikono ikiwa bado mibichi. Mashine ikawa inanusa spiriti. Tangu siku hiyo kwenye chumba kile mikono hunawiwa kwa maji na sabuni, ikakaushwa, ndipo mfuko ukashikwa. Wapo wanaosahau mpaka leo. Ninawajua.

Halafu ikaja shida ya kupuliza. Pumzi inayotakiwa ni ile ya chini ya mapafu, inayokuja mwishoni, si upepo wa mdomoni. Daktari aliwaeleza wagonjwa kwa kitaalamu, wakapuliza kama wanaozima mshumaa. Muuguzi akawaambia wavute hewa nyingi, wakakohoa. Bwana Kijiti akatafuta maneno yake. Akawaambia, "Toa ile pumzi ya mgeni mkorofi ameaga na umeshafunga mlango." Hakuna aliyeshindwa tena. Watu wazima walitoa pumzi mpaka mabega yakashuka. Mama mmoja alipomaliza aliomba apulize tena, akasema ya kwanza ilikuwa ya shemeji, bado ya mama mkwe.

Sasa nakuja kwenye jambo zito, nanyi msikilize, maana ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Ili mashine iaminike, haitoshi mtu apulize. Lazima apulize na atiwe kijiti pia, siku hiyo hiyo, majibu mawili yalinganishwe. Pumzi ikisema ndiyo na kijiti kikasema ndiyo, vizuri. Pumzi ikisema hapana na kijiti kikasema ndiyo, mashine imekosea, iandikwe. Bila kijiti, pumzi haina wa kuishuhudia. Kwa hiyo, ili kijiti kiondoke, kwanza kilitakiwa kiingie kwenye pua nyingi sana. Watu hawakulipenda hilo, lakini wenye miili yao walivumilia. Madereva, wauza duka, wanafunzi wa chuo, wote walipuliza, wakatiwa kijiti, wakaondoka.

Wengine hawakutiwa kijiti. Mtoto akilia sana, muuguzi alisema, "Mwacheni, pumzi tumepata." Bibi akisema kichwa kinamuuma, aliachwa. Wagonjwa wa figo wakaingizwa kwa pumzi tu, kwa ruhusa ya muda iliyotolewa wakati wa majaribio, na wa kwanza kuachwa alikuwa Mwalimu. Bwana Kijiti mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Mwalimu, leo taulo libaki mkobani." Mwalimu akafurahi, fundi akafurahi, chumba kizima cha figo kikawa kinapita pale kama watu wanaokwenda kupigwa picha. Kila mtu hapa aliona tumefanya wema. Miezi ikapita hivyo.

Wakaja wakaguzi. Watu watatu, viatu visivyo na sauti, hawakunywa hata chai. Walikaa na majibu yetu, wakauliza maswali, wakaaga kwa adabu. Neno lao likaja baadaye. Mashine ni nzuri, walisema, imethibitika kwa watu wazima wenye afya ya kawaida. Kwa watoto wadogo, kwa wazee sana na kwa wenye ugonjwa wa figo haikuthibitika, kwa sababu hao karibu wote hawana kijiti cha kulinganisha. Pumzi ya mgonjwa wa figo ina harufu yake yenyewe, huenda inaipoteza mashine, huenda haiipotezi, hakuna anayejua. Basi hao warudi kwenye kijiti.

Mmeelewa? Wale waliokuwa wakiogopa kijiti kuliko wote ndio peke yao waliorudishwa kwake. Dereva mwenye kifua kama mlango anapuliza anakwenda zake. Mwalimu mwenye pua ya karatasi anatandaza taulo. Na aliyemfikisha pale ni huruma. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, nasi tulicheleana hapa wote, kuanzia chumba cha pumzi mpaka wodi ya watoto.

Bwana Kijiti alikwenda kumwambia Mwalimu mwenyewe. Hakumtuma muuguzi. Mwalimu alikuwa kitandani, mashine ya kusafisha damu inazunguka, mkono umenyooshwa. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamsema mbele ya chumba kizima.

"Nilifundisha miaka mingi," akasema. "Mtoto ambaye hakufanya mtihani sikumpa alama eti kwa sababu namwonea huruma. Niliandika hakuwepo. Wewe umenionea huruma, umeniandika sikuwepo. Na nilikuwepo! Kila wiki nilikuwepo, mara tatu!"

"Nisamehe, Mwalimu."

"Sitaki msamaha wako, nataka mtihani wangu. Nitie kijiti."

"Itatoka damu, Mwalimu."

"Taulo ninalo, mwanangu. Kwani nililinunua la kufutia ubao?"

Kisha akageukia vitanda vingine. Akauliza nani anaogopa kijiti, anyooshe mkono. Ikanyooka mikono yote isiyofungwa mirija. "Vizuri," akasema, "hata mimi naogopa. Sasa tunaanza na kitanda cha dirishani, nisisikie mtu amejificha chooni." Tangu wiki ile chumba cha figo kinatoa vyote viwili, pumzi na kijiti, kila wajapo. Wengine wanalalamika, lakini kwa sauti ya chini, maana Mwalimu husikia.

Kwa watoto, Bwana Kijiti alibuni yake. Mtoto anapuliza kwanza kabla hajaudhika, maana anayelia hapulizi. Kisha anapewa kijiti kipya amtie babu puani, hapa mbele tu, kwa ncha. Ndipo zamu yake. Wapo waliokataa hata hivyo, na wapo waliomchokoa mzee kwa kisasi cha ukoo mzima. Kwa miezi kadhaa alitembea na pua nyekundu kama anayelia msibani. Mtoto mmoja wa kike alichungulia sana, akamtangazia mama yake, "Babu hana virusi, ana nywele tu." Jibu hilo hakulipeleka maabara.

Kazi hiyo inaendelea vizuri. Mashine haijakosea mpaka sasa kwa kiasi cha kutisha, ingawa kwa wagonjwa wa figo imekosea mara kadhaa, na daktari wa utafiti anasema kukosea huko ndiko kunakofundisha mashine kuwajua. Anasema iendelee miezi mitatu mingine bila kukatika, ndipo wakaguzi warudi. Miezi mitatu. Na Bwana Kijiti anaondoka Ijumaa.

Aliomba aendelee kuja bila malipo. Ofisi ikasema sheria hairuhusu mstaafu kumtia mgonjwa kitu puani. Sheria ni sheria, siibishii, iliwekwa na watu waliolala wakaamka vizuri. Lakini mkuu wa maabara naye amesema kwamba kuanzia Jumatatu chumba cha pumzi kitapumzishwa mpaka apatikane fundi wa kijiti anayekubalika na wagonjwa. Mashine ni ya kuazima. Kitu cha kuazima kisipotumika kinarudishwa kwa mwenyewe. Kikirudishwa, hesabu inakatika, na Mwalimu na watoto wanabaki na kijiti maisha yao yote, nasi tutabaki na hadithi ya mashine iliyowahi kuja.

Na mafundi tunao. Tunao watatu, wapya, wenye vyeti vizuri kuliko chake. Wote watatu waliomba kukaa upande wa mashine, kwenye kiti kinachozunguka. Hakuna aliyeomba upande wa kijiti, kwa sababu upande huo mtu anachukiwa. Mzee amewaita kuwafundisha, wakaja, mmoja akawa anatazama simu, mmoja akasema ameshaona kwenye video, wa tatu akajaribu. Alijaribu kwa Mwalimu. Alielekeza juu. Taulo la bluu halikutosha, tukaongeza la hospitali. Mwalimu alipopata sauti alimwambia tu, "Mwanangu, umepita darasa moja umeruka moja." Kisha akaniambia mimi kando, akitoka, kwamba mkono huo hataukubali tena mpaka ufundishwe, na wenzake wa chumba cha figo wamesema nao watakataa. Hilo ndilo linaloning'inia. Si keki, wala si kadi, wala nani atasoma risala.

Yule fundi wa tatu nampa heshima yake, maana alijaribu na alirudi kesho yake akiwa ameinamisha kichwa. Hao wawili wengine siwapi kitu.

Nimalize alivyo mtu mwenyewe, maana ofisi ilisema nisisahau. Hakuchelewa kazini isipokuwa siku aliyozaliwa mtoto wake wa mwisho, na siku hiyo alikuja na kanga ya mkewe begani bila kujua. Aliwahi kupandishwa cheo mara mbili na mara zote mbili akasahau kubadilisha kibandiko cha jina. Aligombana na watu wawili tu katika miaka yote, mmoja ni mhasibu na mwingine ni mimi, kwa sababu anaacha mlango wazi na baridi inanipiga magotini. Hakuwahi kumwambia mgonjwa "haitauma." Alikuwa akisema, "Itaudhi, kisha itakwisha." Wauguzi waliona ni maneno makavu. Wagonjwa waliomrudia walisema ni mtu pekee humu ndani ambaye hajawadanganya.

Kwa hiyo, kwa niaba ya walinzi wa getini, wafuaji, wapishi, wauguzi, madaktari na sisi wa mabenchini, namshukuru. Amefanya kazi ya kuchukiwa kwa miaka thelathini na moja bila yeye kumchukia mtu, kisha akaitafutia kazi hiyo njia ya kuisha. Aende nyumbani kwa amani. Ale chakula kikiwa moto. Shamba lake dogo limpe mahindi yaliyojaa mpaka nchani, magoti yamtii, na wajukuu waliobaki wazaliwe bila habari za kazi yake. Tunamtakia siku nyingi, ndefu na nyepesi.

Ninyi mafundi watatu sikilizeni. Sherehe ni Ijumaa saa nane mchana. Kesho na Alhamisi, saa moja asubuhi, kabla foleni haijajaa, mfike chumba cha kijiti. Mzee amekubali, daktari wa utafiti amekubali, na mkuu wa maabara ameniambia kwa mdomo wake kwamba akiona mkono mmoja tu uliofundishika, hafungi chumba. Simu mtaziacha kwangu mlangoni. Mtakaa kwenye kiti cha mgonjwa kwanza, mmoja mmoja, mtatiwa kijiti na mzee, kisha mtapimana ninyi kwa ninyi, matundu yote mawili ya pua, mpaka atakapoitikia kwa kichwa kwamba sasa mmejua. Atakayelia atafuta machozi aendelee. Jumatatu saa mbili Mwalimu atakuwa kwenye kiti, na mmoja wenu atakuwa amesimama mbele yake. Kateni kucha, mje.